Jino Pana Chini ya Sahani

Mzee Tomekichi alichora meno kwa miaka arobaini na minne. Si meno ya mtu. Ni yale meno ya kitana, ya rangi ya buluu, yanayozunguka kitako cha sahani pale chini inapokalia. Juu ya sahani walichora wengine: majani, mawimbi, vikapu vya maua. Yeye aliletewa sahani ikiwa imelazwa kifudifudi, akachora meno yake, akanipa mimi. Mimi nilipiga mstari mmoja juu ya meno na mmoja chini yake, nikampa anayefuata.

Sahani hizo zilikuwa za meza ya Mtawala wa nchi nzima, kule mjini Edo. Kila mwaka Bwana wetu wa Saga, mwenye mkoa wetu, alimpelekea kama heshima, ishirini za namna moja katika sanduku moja. Mtawala alikula juu yake. Sidhani kama kuna siku alikimwaga chakula chake akaigeuza sahani atazame chini.

Lakini meno yalikuwa lazima yawepo, na yalikuwa lazima yawe thelathini na sita. Tomekichi hakuyapima. Alianza popote, akaizungusha sahani taratibu juu ya goti, na la mwisho likalikuta la kwanza bila kusukumana. Nilikaa naye mkeka mmoja miaka tisa na sikumwona akihesabu. Nilimwona akisinzia huku akichora. Meno yalikuwa thelathini na sita.

Bonde letu la Okawachi lina milima pande tatu na upande wa nne kulikuwa na geti. Tulikuwa nyumba thelathini na moja. Hatukulipa kodi, na mchele tulipewa. Tulilishwa vizuri, farasi wa Bwana naye hulishwa vizuri. Ila mchoraji hakutoka, wala mfinyanzi, wala mchoma tanuri, maana tukitoka tungetoka na siri ya kazi. Wanawake walitoka kuolewa, kwa kuwa ilisemekana hawajui kitu. Wakishatoka hawakurudi.

Oshige, mtoto pekee wa Tomekichi, alitoka akiwa na miaka kumi na saba. Aliolewa na mtu wa Imari anayefunga sahani kwa majani makavu kabla hazijapakiwa melini. Imari si mbali. Ukiepua wali jikoni ukaanza kutembea, utafika kabla haujapoa. Nyuma ya tanuri kuna mahali ambapo siku isiyo na ukungu bahari ya Imari huonekana, nyembamba kama kisu kilicholazwa. Tomekichi alikuwa akipanda pale jioni, mpaka magoti yalipokataa. Oshige alikuwa ameshatimiza miaka kumi na moja nje, na watoto wawili ambao babu yao hajawaona.

Alimletea baba yake samaki wakavu getini. Samaki hao aliwapokea Kansuke, mlinzi, mtu mnene mwenye kelele.

"Mzee! Umeletewa samaki tisa."

"Oshige huleta kumi."

"Mmoja alikufa njiani."

"Wote wamekufa, Kansuke. Ndiyo maana wamekaushwa."

"Basi huyo alikufa zaidi."

Njia ya kutoka ilikuwa moja tu. Kila vuli msimamizi wetu, Bwana Eguchi, alikagua mikono. Mkono ukionekana umechoka, mwenyewe aliandikiwa barua, akapewa gunia la mchele, akaachiliwa aende kufia anakotaka. Tomekichi alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mgongo ulichoka, magoti yalichoka, pumzi ilichoka. Mkono ukakataa kuchoka.

"Mzee, kwani huwezi kutetemeka kidogo?" Kansuke alimwuliza. "Kidogo tu. Mbona mimi nikinywa natetemeka mwili mzima?"

"Nilijaribu mwaka juzi."

"Ikawaje?"

"Bwana Eguchi aliniuliza kama nacheza ngoma."

Kuharibu kazi makusudi ilikuwa hatari, na Eguchi alilijua kosa la makusudi kwa kulitazama mara moja. Basi Tomekichi aliendelea kuchora meno. Aliniambia siku moja kwamba hamchukii mtu yeyote, isipokuwa ule mkono wake wa kulia.

Mwaka ninaotaka kuueleza, habari ilifika kwamba kulikuwa na moto Edo, katika stoo za jumba la Mtawala. Seti moja ya zamani ilipatwa na moto huo. Sahani saba kati ya ishirini zilipasuka. Kumi na tatu zilibaki nzima, na moja kati ya hizo kumi na tatu ililetwa kwetu kama mfano, ili tutengeneze saba nyingine za kujaza pengo.

Bwana Eguchi aliileta mwenyewe, imefungwa kwa hariri. Ilikuwa na mchoro wa figili tatu na majani yake. Alimpa Tomekichi. Mzee akaigeuza kama kawaida, akatazama kitako, akakiinamia mpaka Eguchi akakohoa.

Na mimi nilitazama. Meno yalikuwa mazuri, lakini mahali pamoja palikuwa na jino pana, pana kama jino moja na nusu. Nikahesabu. Thelathini na tano.

"Nani aliyechora hii?" Eguchi akauliza.

"Mimi, bwana."

"Mwaka gani?"

"Miaka ishirini na mitano sasa."

"Ulikosea."

"Ndiyo, bwana."

"Katika zote ishirini? Barua ya Edo inasema zote ziko hivyo hivyo."

"Katika zote, bwana."

Eguchi alicheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka pia, mwenye jino bovu na wakubwa wengi juu yake. "Kosa likirudiwa mara ishirini linakuwa nakshi," akasema. "Hata ukaguzi wa wakati ule uliona ni namna yake. Basi lirudie mara saba nyingine. Ni kazi rahisi, kila mtu anaweza kukosea."

Kisha akaeleza la pili, na hilo halikuwa la kucheka. Seti lazima ifanane. Zile saba zisipofanana na zile kumi na tatu, tutatengeneza ishirini mpya zenye meno kamili, na hizo za zamani zitavunjwa zote, kwa sababu mbele ya sahani sahihi zitaonekana kuwa na kasoro. Sahani ya Mtawala yenye kasoro haiuzwi wala haigawiwi. Hupigwa jiwe.

Tomekichi alianza siku hiyo hiyo. Kwa majaribio tulitumia sahani zilizopinda kwenye moto wa kwanza, zisizofaa tena. Alichora ya kwanza, tukahesabu: thelathini na sita. Alichora ya pili akijikaza kuacha nafasi. Thelathini na sita. Mkono ulikuwa umejibana wenyewe bila yeye kujua, ukaigawa ile nafasi kwa meno mengine. Siku ya tatu aliweka alama ya mkaa pale jino pana linapotakiwa. Likatoka pana kweli, lakini lilikaa kama jino la kubandikwa, na jirani zake walikuwa wamenyooka mno. Kwenye ile ya mfano meno yote yaliinama kidogo kuelekea lile jino pana, kama watu wanaompisha mgeni mkekani. Ya Tomekichi hayakumpisha mtu.

"Jaribu wewe," akaniambia.

Nikajaribu. Yangu yalikuwa meno ya mbwa mzee.

Siku kumi na mbili zilipita hivyo. Ya kumi na tatu Eguchi alikuja akazipanga zile sahani za majaribio sakafuni, akazipitia moja moja. Halafu akasema neno ambalo Tomekichi alikuwa amelingoja miaka mingi.

"Mkono wako umechoka."

Mzee akaweka brashi chini.

"Mkono mzima hutii. Huu wako hautii tena. Nakupa mpaka keshokutwa asubuhi. Ukileta sahani moja inayofanana na ya mfano, kazi itaendelea, na wewe utaendelea, kwa sababu mtu anayeweza hilo Bwana hatamwachilia. Ukishindwa, nitaandika barua yako, na tutaanza ishirini mpya."

Habari ilizunguka bonde kabla chai haijapoa. Kansuke alipanda kutoka getini kwa mara ya kwanza mwaka ule, akihema.

"Hongera, mzee! Nimesikia umeshindwa!"

"Bado."

"Utashindwa tu, nina imani na wewe. Miaka yote hii nimekuwa nikisema, Tomekichi siku moja atashindwa vizuri."

Watu walicheka. Tomekichi alicheka pia, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya goti. Safari hii haikuwa ngoma.

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa. Wenzetu walikuwa wamekwenda kusaidia kupanga tanuri, tukabaki wawili. Mchana tulikula wali uliomwagiwa chai, na figili za chumvi. Tomekichi aliweka ile sahani ya mfano mbele yake, kifudifudi, akawa anaitazama kati ya tonge na tonge.

"Sikuichora mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ni Ofuji."

Ofuji alikuwa mkewe. Mimi sikumjua, alikufa kabla sijaletwa kwenye mkeka ule. Wakati ule, mzee alisema, wachoraji walikuwa wakifanyia kazi nyumbani kwao, si chumba kimoja kama sasa. Homa ilimkamata yeye mzee zikiwa zimebaki siku sita tu sanduku lifungwe. Aliweweseka. Alipopata akili siku ya tano, sahani ishirini zilikuwa zimepangwa ukutani na meno yake, na Ofuji alikuwa amelala ameegemea nguzo, vidole vya buluu. Mwanamke akigusa sahani ya Mtawala, nyumba nzima hufukuzwa au zaidi. Hawakumwambia mtu. Kisha homa ile ile ikamshika Ofuji, naye hakuumaliza msimu ule wa baridi.

"Nilipoziona, niliona lile jino pana," akasema. "Nikamwambia, mke wangu, umetuua. Akaniambia, hesabu tena, liko kwenye zote. Zikifanana hawatasema. Na kweli hawakusema."

"Kwa nini lilitoka pana kwenye zote?" nikauliza. Kwa kawaida siulizi.

Aliacha kutafuna. Akaichukua sahani akaiinamishia mwanga wa mlangoni. Akanionyesha kwa ukucha: katika kila jino kuna upande ambao rangi imekolea kidogo, pale brashi inapoinuliwa. Kwenye kazi yake yeye hukolea upande wa kushoto. Hapa ilikolea kulia.

"Alikuwa wa mkono wa kushoto," akasema polepole. "Mama yangu alikuwa akimgombeza kila siku kwa ajili ya hilo. Nimesahauje?"

Akachukua sahani moja iliyopinda. Akahamishia brashi mkono wa kushoto. Akaiweka sahani kwenye goti la kushoto na kuizungusha kinyume na tunavyozungusha sisi wote. Ya kwanza ilikuwa mbaya, rangi ilimwagika. Ya pili ilikuwa afadhali. Katika ya tatu mkono ule usiojua kazi ulianza kwenda kwa woga, ukiacha kila jino mbali kidogo na mwenzake, na mwisho wa mzunguko pakabaki nafasi isiyotosha mawili na inayozidi moja. Akaiziba kwa jino moja pana. Majirani zake walikuwa wameinama kulipisha.

Tukaziweka mbili pamoja. Isingekuwa moja imepinda, nisingejua ipi ni ipi.

Mvua ilikuwa ikipiga paa. Mimi niliwaza, kesho Eguchi akiiona hii, zile kumi na tatu zitabaki Edo milele, kazi ya mkono wa Ofuji, na hakuna kingine cha mkono wake kilichobaki duniani. Na Tomekichi naye atabaki hapa. Asipoiona, mzee atatoka kwa barua aende kwa Oshige, na zile za Ofuji zitapigwa jiwe. Sikuhitaji kulisema. Alikuwa akiliwaza yeye.

"Ungekuwa wewe?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Wewe hujui siku zote."

"Ndiyo, mzee."

Akamalizia wali wake, wote, mpaka punje za mwisho akazisogeza kwa kijiti. Nilidhani amelala, maana alifumba macho. Kisha akasema, "Hakuzipenda hata kidogo, sahani hizi. Alikuwa akisema chakula kitamu hukaa kwenye bakuli la mti."

Akainuka kwa shida, akaichukua ile iliyopinda, akatoka nayo mvuani bila kofia. Nyuma ya chumba chetu kuna kijito, na kandokando yake lundo la vigae vya miaka mingi. Nilisikia mlio mmoja, si mkubwa. Sahani ambayo haijapata moto wa pili haina sauti kubwa. Akarudi akakaa, akajifuta uso.

"Umeona nini leo?" akaniuliza.

"Mvua, mzee."

Asubuhi Eguchi alikuja na wino wake tayari. Tomekichi aliinama mpaka paji likagusa mkeka, akasema ameshindwa. Eguchi akamshika mkono wa kulia akaugeuza huku na huku kama anayenunua samaki sokoni. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Akaandika.

Lakini kulikuwa na desturi ambayo mzee na mimi hatukuikumbuka, au labda yeye aliikumbuka. Sahani ikitangazwa kuwa na kasoro, huvunjwa na aliyeichora, ili asiseme kesho kwamba ilikuwa nzuri. Zile kumi na mbili zingevunjwa huko huko Edo. Hii ya mfano ilikuwa hapa.

"Samahani, mzee," alisema Eguchi. Sikuwahi kumsikia akimwita mtu mzee. "Ndivyo ilivyo."

Tulikwenda kijitoni sote watatu. Tomekichi aliilaza juu ya jiwe, figili zikiwa chini na meno juu. Akapitisha kidole gumba juu ya jino pana mara moja. Akapiga. Hii ilikuwa imepita moto wote, kwa hiyo ililia, na mlio ukapanda mlimani ukarudi. Hakukosa, hakurudia. Akanawa mikono, akauliza kama anaweza kwenda kufunga mzigo.

Nilimsindikiza mpaka getini nikiwa nimebeba gunia la mchele. Kansuke aliisoma barua, akaisoma tena, akampekua kama sheria inavyotaka.

"Unatoka na nini?"

"Mchele na magoti mawili."

"Magoti hayo yaache, hayakufikishi." Akafungua geti. Halafu akageuza uso, akasema, "Sasa mimi samaki nitapata wapi?"

Mumewe Oshige alikuwa akingoja upande wa pili na mkokoteni. Tomekichi alipanda juu ya mchele wake, akakaa. Hakutazama nyuma. Alikuwa amechoka sana, nadhani, na shingo ilikuwa ngumu.

Zile ishirini mpya nilizichora meno mimi. Nilipima kila jino kwa uzi. Zilipita ukaguzi.

Miaka tisa baadaye utawala ulikuwa umepinduliwa, hakukuwa na Mtawala wala Bwana wa Saga, na Eguchi aliondoka bila kutuaga, kwa kuwa hapakuwa na wa kumlipa. Mbao za geti tulizichomea tanuri. Mimi nilitoka kwa miguu asubuhi moja, bila barua, nikafika Imari jua likiwa bado chini. Nilishangaa kwamba ni karibu hivyo.

Nyumba ya Oshige nilielekezwa na wafunga majani. Mzee alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Aliishi pale miaka sita, Oshige aliniambia, akikaa kibarazani na wajukuu. Hakushika brashi tena, hata watoto walipomwomba awachoree paka.

Alinikaribisha chakula. Alitoa bakuli la mti, akachukua upawa, akanipakulia wali, na nikaona kwamba anapakua kwa mkono wa kushoto.

Labda nilitazama mno, kwa sababu aliweka upawa chini.

"Na wewe?" akasema. "Baba alikuwa hivyo hivyo, kaka. Kila mlo ananikodolea macho nikipakua, kila mlo, miaka sita. Nilidhani anaona ninampunja. Nikawa namwongezea, namwongezea, mpaka mume wangu akanung'unika. Alikuwa anatazama nini?"

Mimi si msemaji. Lakini hapo ilinibidi niseme, nikamweleza habari hii kama nilivyoieleza hapa, ila kwa maneno machache zaidi, maana wali ulikuwa unapoa.